Mtoto na Kopo Lake la Maji



Wazazi wengi hapa Bukavu hudhani ya kwamba mtoto wa miaka miwili hahitaji malezi bado. Hulishwa, huogeshwa, hubebwa mgongoni. Mengine, wasema, atafundishwa shuleni na katika katekisimu. Sisi tunaofundisha dini twakiri ya kwamba tulidhani vivyo hivyo, hata mtoto wetu mwenyewe alipotufundisha.

Nyumba yetu iko mlimani, Kadutu, nayo maji twayateka bombani huko chini. Mtoto alipopata miaka miwili na nusu alitaka naye achukue maji. Mama yake akampa kopo dogo. Alipanda nalo polepole, akisimama kila hatua mbili, akisema, “Mimi mwenyewe!” Jumapili moja tulikuwa na haraka ya Misa, tukamnyang’anya kopo. Akajitupa chini, maji yakamwagika, akalia sana. Ndipo tuliposema neno ambalo wazazi wengi hulisema: “Nyamaza! Askari watakuja kukuchukua!” Akanyamaza mara. Tukaona tumemlea vema.

Katikati ya Februari 2025, M23 walipoingia mjini, bunduki zililia, nasi tukalala sakafuni. Mtoto hakulia. Alijikunyata chini ya kitanda, akanong’ona, “Baba, sitamwaga maji tena.”

Alidhani wenye bunduki wamekuja kwa ajili ya kopo lake.

Tukamvuta kifuani, tukamwambia, “Mwanangu, si kosa lako. Baba alisema uongo, umsamehe. Baba pia anaogopa. Tushikane.” Tukasali naye Salamu Maria, polepole, mpaka akalala.

Tangu siku hiyo tumejifunza mambo mawili. La kwanza: mtoto wa umri ule huamini kitisho chetu kama kilivyo, tena hudhani ya kwamba kosa lake dogo laweza kuleta msiba mkubwa. Wala hawezi kujituliza peke yake. Hutulia kwa utulivu wa mkubwa anayemshika. Kilio chake si ukaidi kila mara. Pengine ni njaa, usingizi, hofu, au uchungu wa kushindwa, naye hana bado maneno ya kuyataja. Basi tumtajie: “Umekasirika kwa kuwa kopo limechukuliwa.” Mtoto wa kiume naye asichekwe kwa machozi yake.

La pili: tumwache atende anayoyaweza. Anawe mikono, avae viatu, apange vijiko, hata akichelewa, hata akikosea. Maria Montessori, daktari Mwitalia na Mkatoliki, alifungua nyumba ya watoto Roma tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa maskini. Huko aliona ya kwamba watoto wadogo, wakipewa vyombo vya kimo chao na kuachwa wafanye wenyewe, hutulia na kufanya kazi kwa furaha.

Wazee watasema: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono mwororo, asipasuke. Kumkataza mtoto twamkataza: asiguse mbabula yenye makaa, asivuke barabara ya pikipiki bila kushikwa mkono. Makatazo yawe machache, yasibadilike, wala yasiwe na vitisho. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Tena, mtoto aliyezoea kudanganywa na baba wa nyumbani, atamsadikije Baba wa mbinguni tunayemhubiri?

Majuma mengi mtoto wetu hakuligusa kopo. Hatukumlazimisha, tuliliacha mlangoni. Asubuhi moja akalichukua mwenyewe, akatutazama, nasi tukamfuata nyuma kimya hadi bombani. Siku hizi, kila Jumapili, twaondoka nyumbani mapema zaidi.

Maria na Yosefu, waliomlea Mtoto Yezu kule Nazareti, watuombee sisi wazazi.