Mlango Uliotuzuia

Likizo ya Agosti ilipokaribia, binti yetu alitujia na haja. Yeye hutoka kazini saa kumi na moja jioni, na mwanawe wa miaka minane hana wa kumtazama. “Baba,” akasema, “nitafutie mahali pazuri ashinde mchana.” Basi siku ya pili tulimshika mjukuu mkono, tukatoka Majengo kwenda kujionea kwa macho yetu.

Tulianzia ng'ambo ya daraja la Nyali. Tulikuta uwanja mpana wenye miembe, bembea mpya na walimu wachangamfu. Bawabu alipoiona kanzu na kofia yetu, alitufungulia lango kwa salamu. Hakutuuliza jina wala haja. Tuliingia hadi walipo watoto. Kabla ya adhuhuri alifika kijana wa bodaboda, akataja jina la mtoto, akapewa. Yamkini alitumwa na wazazi. Lakini hakuna aliyepiga simu kuhakikisha, nasi moyo ulitupiga.

Kutoka hapo tulishuka pwani, kwenye mafunzo ya kuogelea. Agosti ni msimu wa kusi, na bahari siku ile ilikuwa imechafuka. Mwalimu alituambia kwa upole kwamba siku kama hizo huwapeleka watoto kwenye bwawa. Tulimsifu kwa hilo. Tulipouliza wangapi wanamsaidia, alisema yuko peke yake, na watoto tuliowahesabu walikuwa ishirini na sita. Tukamshukuru, tukaondoka.

Baada ya swala tulielekea Mji wa Kale. Tulipita chini ya kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tukaifuata Ndia Kuu yenye milango ya nakshi na baraza za kupumzikia. Kwenye kichochoro kimoja palikuwa na nyumba ya kale yenye ua mdogo. Mwalimu wa kike alisimama mlangoni. “Sheikh, utatuwia radhi,” akasema. “Kwanza andika jina lako na nambari ya kitambulisho.”

Hatutaficha: nafsi iliudhika. Mtaa ule unatujua, na baadhi ya vijana wake tumewasomesha sisi. Lakini tulipokuwa tukiandika, tulikumbuka lile lango la asubuhi. Kanzu ilitufungulia pale, na kanzu huvaliwa na yeyote. Mlango unaomzuia mtu mwema kwa dakika mbili ndio utakaomzuia na mwovu.

Ndani tulioneshwa ratiba: Kurani asubuhi, kisha ususi wa mikeka, kuchora nakshi za milango, na matembezi ya ngomeni. Vyoo vya wavulana na wasichana ni mbalimbali. Hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto mmoja mlango ukiwa umefungwa. Mtoto hapewi mtu ambaye jina lake halimo daftarini.

Mjukuu wetu alinuna. “Babu, hapa hakuna bembea,” akalalama. Tulimwambia ukweli kuwa ana haki ya kucheza, tukaahidi kumpeleka ufukweni kila Jumamosi. Mama yake aliposikia habari zote, alichagua Mji wa Kale.

Enyi kina mama na kina baba, mtoto ni amana. Msitosheke na picha nzuri wala bei nafuu. Nendeni saa ya watoto kuondoka, mtazame wanakabidhiwa nani. Ulizeni idadi ya walimu, na mrudipo nyumbani mumsikilize mtoto bila ya kumkatiza. Nasi tunaosomesha madrasa tuulizwe maswali hayo hayo, wala tusione kuwa tumevunjiwa heshima. Tangu siku ile, madrasa yetu nayo ina daftari mlangoni, na jina la kwanza lililoandikwa humo ni letu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.