Ya Moto au ya Baridi?

Mtu akikaa katika grosari yoyote ya Dodoma na kuagiza bia, haletewi papo hapo. Kwanza ataulizwa: "Ya moto au ya baridi?" Mgeni atokaye Ulaya hudhani amesikia vibaya, kwani kwao si swali la kuulizwa. Kwetu ni swali la haki kabisa, na moto unaotajwa si wa jikoni. Maana yake ni kwamba chupa imetoka katika kreti bila ya kupitia kwenye jokofu. Mimi hujibu, "Ya moto." Nimejibu hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mara wenzangu wa meza moja hunicheka na kutaka kujua raha ya bia isiyoburudisha ni ipi. Nimekwisha kuwapa sababu nyingi. Leo nataka kuiandika ile ya kweli.

Najua kwamba jarida hili husomwa zaidi na watu wa visiwani, na kwamba wengi wao hawaonji kileo kwa amri ya dini yao. Sikusudii kumsifia mtu ulevi wala kumshawishi aonje. Ila habari za nyumba yetu haziwezi kuandikwa bila ya pombe, kama vile habari za nyumba ya mvuvi zisivyoweza kuandikwa bila ya bahari. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie.

Hata lugha yetu haikupatana juu ya jambo hili. Kwa watu wa pwani, tembo ni kinywaji kinachogemwa katika mnazi, na mnyama mwenye mkonga ni ndovu. Huku bara tembo ni mnyama, na kinywaji ni pombe. Wenye viwanda nao wamezidi kutuchanganya: Tusker ya Kenya ina picha ya mnyama huyo katika lebo yake, na hapa Tanzania ipo bia iitwayo Ndovu. Tukiacha majina, kila watu wana chao. Wachaga wana mbege ya ndizi na ulezi, Wahaya wana rubisi, Iringa kuna ulanzi unaogemwa katika mianzi, na Tabora kuna wanzuki wa asali. Ukichunguza utaona kwamba kila watu hunywa kile ambacho ardhi yao imewapa kwa wingi. Lakini ardhi ya Wagogo haikuwapa watu wake kitu kwa wingi. Uwanda wetu uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua huanza Desemba na kukoma Aprili, na mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mahindi hukauka yangali machanga. Kinachostahimili ni mtama na uwele, na nafaka hiyo hiyo ndiyo ugali, ndiyo uji, na ndiyo pombe. Mgogo anayepika pombe anapika chakula chake mwenyewe.

Wazee waliotulea walilijua jambo hilo vizuri. Waliitaja Mtunya, njaa iliyoikumba nchi yetu kuelekea mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, pale majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua nayo ikakosekana. Hata hivyo wazee hao hao hawakuwazia kulima bila ya pombe. Aliyekuwa na shamba kubwa alipika, akawaita majirani, wakalima tangu alfajiri, na jua lilipokuwa kali walikaa kivulini na kunywa. Pombe ile haikuuzwa. Ilikuwa jasho la watu linalorudi kwao, na kesho yake mwenye shamba naye aliitwa kwa mwingine.

Mama yangu aliuza. Baba alifariki ningali mdogo, na mama hakuwa na ng'ombe wa kumtegemea. Kila wiki mbili aliloweka mtama usiku mmoja, akauchuja, akaufunika kwa magunia yenye maji mpaka ukachipua. Siku ya tatu au ya nne aliuanika juu ya mwamba uliokuwa nyuma ya nyumba, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Kimea kikikauka alikisaga. Kisha alipika uji mwingi katika pipa, akauacha upoe, akatia kimea, na hapo kabla haujachachuka sisi watoto tuligawiwa togwa, tamu, yenye harufu ya nafaka iliyoungua kidogo. Siku iliyofuata lilikuwa limekuwa jambo la watu wazima. Ukiweka sikio karibu na pipa ungesikia likichemka polepole pasipo moto chini yake. Likachujwa, machicha wakapewa nguruwe wa jirani, na ilipofika saa tisa alasiri watu walianza kuingia uani. Ujimbi, ndivyo tunavyouita, ulinywewa katika vibuyu, ukiwa vuguvugu, mzito, wenye uchachu unaokaza mashavu.

Pale uani palikuwa na ukuta wa udongo, na katika ukuta ule mama aliandika madeni kwa mkaa: mstari mmoja kwa kibuyu kimoja. Hakujua kusoma, lakini kila mtu alikuwa na mahali pake. Mistari mirefu kuliko yote ilikuwa ya jirani yetu, baba wa mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye dawati moja. Baada ya mavuno jirani yule alilipa kwa gunia la mtama. Mama alilipokea, akaufuta ukuta, akauloweka mtama ule, na baada ya siku chache jirani akaanza kuunywa. Mtama uliotoka katika ghala lake ulimrudia ukiwa pombe, naye akaulipia mara ya pili.

Mwaka 1985 mimi na mtoto wake tulichaguliwa kuingia sekondari. Mwenzangu alikuwa akinizidi katika hesabu, na mwalimu wetu alikuwa akisema hivyo mbele ya darasa. Januari 1986 nilipanda treni ya daraja la tatu kwenda Tabora, nikiwa na sanduku la bati, godoro, na ada iliyofungwa katika kitambaa. Yeye alibaki. Baba yake hakuwa na nauli, wala sanduku, wala mtama.

Nikawa mwalimu. Katika miaka ile ya mwanzo bia ya chupa ilikuwa bado ina heshima yake. Tulikuwa tumetoka katika miaka ya uhaba, ambapo kreti moja ilitafutwa kwa kujuana, na mtu aliyeonekana na chupa mezani alionekana ana kazi. Safari Lager ilikuwapo tangu mwaka 1977. Mwaka 1996 zikaja Kilimanjaro na Serengeti, na tukaanza kubishana kama wataalamu: Safari ina nguvu ya asilimia 5.5 na uchungu unaobaki ulimini, Kilimanjaro ni nyepesi, asilimia 4.5, ya kunywewa mchana. Nilikuwa hodari wa mabishano hayo. Nilisema naipenda Safari, tena iwe ya baridi hata chupa itoe jasho. Sasa naona kwamba sikuwa nikiipenda bia yenyewe. Nilipenda kioo kilichosimama kati yangu na ua wa mama yangu.

Jumamosi moja ya mwaka 1994 mama alikuja kunitembelea bila ya taarifa. Nilikuwa nimekaa nje na walimu wenzangu watatu, mshahara ulikuwa umetoka jana yake. Alishuka katika basi akiwa na dumu la lita tano kichwani. Wenzangu wote waliinuka, wakamwamkia shikamoo, wakampisha kiti. Nilijua kilichokuwa ndani ya dumu. Nikalipokea haraka na kulipeleka jikoni, nikarudi na bilauri, nikammiminia Safari ya baridi. Alionja, akaiweka chini taratibu.

"Hii imekwisha kufa," alisema. "Mmeiua kwa nini?"

Wenzangu walicheka kwa furaha, nami nikacheka pamoja nao. Baadaye nimesoma kwamba alikuwa sahihi. Bia ya kiwandani huchujwa, kisha hupashwa moto ili hamira iliyomo ife, na ndiyo maana yaweza kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kukaa dukani miezi mingi. Ujimbi una uhai wa siku mbili, tatu. Lazima unywewe karibu na pale ulipopikwa, na watu wanaomjua mpishi wake.

Usiku ule, mama alipokwisha kulala, nililichukua dumu na kulimwaga nyuma ya choo. Niliona aibu wenzangu wasije wakarudi kesho na kulikuta. Asubuhi mama alilikuta tupu. Aliliosha, akaligeuza chini juu likauke, akanishukuru kwa kuwagawia wageni. Sikumsahihisha. Alifariki mwaka 2009, nami sikuwa nimemsahihisha.

Nilianza kuagiza bia ya moto baada ya tukio lile, ingawa si mara moja. Sababu ninazowapa rafiki zangu si za uongo. Baridi kali huufisha ulimi, na usiku wa Juni na Julai upepo wa Dodoma haumhitajishi mtu kitu cha kumtetemesha. Chupa ya moto ikifunguliwa hutoa povu kwa fujo, na mhudumu huinyoosha mbali na nguo zake. Lakini ukinywa Safari ya moto, nyuma ya uchungu ule kuna kimea. Ni harufu hafifu, ya shayiri na si ya mtama, lakini ni nafaka iliyoloweshwa, ikachipua, ikakaushwa. Ni kitu cha karibu kuliko vyote nilichoweza kukipata kwa fedha. Ukiniuliza, basi, bia niipendayo ni ipi, jibu langu ni Safari, chupa moja, ya moto.

Mji wetu umebadilika. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ukachelewa miaka mingi, na tangu mwaka 2016 Serikali imekuwa ikihamia kwa kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Wageni hukaribishwa kwa mvinyo wa zabibu zetu, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka. Na mtama umepata mnunuzi mpya: viwanda vya bia vya nchini vimekuwa vikiununua kutoka kwa wakulima wa uwanda wetu.

Habari hiyo nilipewa na mwenzangu yule wa dawati. Analima upande wa Chamwino, na akija mjini kufuata malipo yake hunipitia. Tunakaa grosari moja iliyo karibu na reli. Yeye haagizi bia. Sijamuuliza kwa nini, na sidhani kwamba ninahitaji kuuliza. Mwaka juzi, baada ya kuzunguka na maneno kwa saa nzima, nilimwambia habari ya ukuta wetu. Nilimwambia kwamba nadhani nilisoma kwa mtama wa kwao.

Alinyamaza kidogo, akizungusha chupa yake ya soda juu ya meza.

"Ile mistari naijua," alisema. "Baba alikuwa hajiamini akishalewa. Alikuwa ananituma mimi asubuhi nikaihesabu. Mama yako hakuwahi kuzidisha hata mmoja."

Nilingoja aendelee, hakuendelea. Nimeyapima maneno yale mara nyingi tangu siku hiyo. Wakati mwingine huyasikia kama msamaha, na wakati mwingine huyasikia kama hesabu tu, ya mtu aliyekuwa akinizidi katika hesabu: idadi ilikuwa sahihi, na deni lilikuwa deni. Mama hakumwibia mtu. Alimsomesha mtoto wake kwa kazi ya mikono yake. Na mtoto wa jirani alisimama asubuhi mbele ya ukuta, akihesabu mistari iliyokuwa ada yake.

Hukutana mara tatu au nne kwa mwaka. Mhudumu ametuzoea sasa, lakini desturi ni desturi, kwa hiyo huja na swali lake lile lile. Mwenzangu hutaka soda, ya baridi. Mimi hutaka yangu ya moto. Tunazungumza habari za mvua, bei ya mtama na watoto wake, ambao wawili wamemaliza chuo. Tukiinuka nalipa mimi. Sijawahi kumwacha alipe, naye hajawahi kubisha.