Kava la Pikipiki ya Waqfu

Pikipiki ya msikiti wetu ilitolewa waqfu na muumini mmoja aliyekwisha kututangulia mbele ya haki, na kwa hiyo kila kinachoharibika juu yake hutufikia sisi wa kamati kwanza kama suala la amana, ndipo baadaye kama suala la ufundi. Imamu huiendea maziko na wagonjwa, vijana huitumia kwa shughuli za madrasa. Ilipoteleza kwenye matope na kumwangusha mmoja wa vijana hao, alitoka na michubuko tu, alhamdulillah. Kava la ubavuni lilipasuka, na kijiti kimoja cha kulishikilia kikakatika.

Mhazini alitaka lipya linunuliwe. Haikuwa hoja mbaya, ila fedha ya mwezi ule ilikuwa imekwisha kupangiwa pampu ya maji ya kutawadhia. Tukaomba tulichukue nyumbani kwetu kwa siku chache.

Wengi katika hali kama hiyo hukimbilia gundi ya dukani, ile inayoganda mara moja, kisha hushangaa kava linapoachia kwenye tuta la kwanza. Sisi tungeshauri mtu aligeuze kwanza na kulitazama kwa ndani. Nyuma ya vipande vingi vya plastiki vya pikipiki huchapwa herufi ndogo, na zinazoonekana mara nyingi ni ABS au PP. Ni plastiki mbili zenye tabia mbalimbali kabisa. ABS huyeyushwa na asetoni. PP haiathiriki nayo, na gundi nyingi za kawaida haziishiki. Hiyo huungwa kwa moto, yaani kwa kuyeyushia ufa kipande cha PP kwa chuma cha umeme kama kile cha mafundi redio. Herufi zikiwa zimefutika, hukatwa kipande kidogo kisicho na rangi ya kupakwa wala chuma, kikazamishwa ndani ya bakuli la maji na kuachiwa: PP huelea, ABS huzama. Watoto wetu walilipenda jaribio hili kuliko kazi yote iliyofuata.

Kava letu lilikuwa la ABS. Fundi wa mtaani alitupa mabaki ya kava jingine lenye herufi hizohizo, tukayakatakata vipande vidogo mno na kuvitia katika chupa ya kioo pamoja na asetoni. Tuliinunua duka la vipodozi, kwa kuwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi huwa ni asetoni, ingawa si zote, na inafaa kusoma lebo. Muuzaji alimtazama katibu wa msikiti aliyesimama mbele yake na haja hiyo, akanyamaza kwa adabu. Kulipokucha vipande vilikuwa vimegeuka uji mzito.

Asetoni hushika moto upesi sana, na mvuke wake husafiri hadi ulipo moto. Kwa hiyo tulifanya kazi barazani penye upepo, baada ya jiko kuzimwa, watoto wakiwa ndani.

Mwishoni mwa ufa tulitoboa tundu la milimita 3, maana ncha kali ya ufa ndiyo inayozidi kupasua, na ikikutana na tundu la mviringo nguvu yake hutawanyika. Tuliosha kava kwa sabuni hadi mafuta yakaisha, tukalikwaruza kwa msasa upande wa ndani, tukaupaka ufa ule uji, tukalaza juu yake kipande cha wavu mwembamba wa waya, kisha tukapaka tena. Matabaka yawe membamba, na kila moja lipewe siku nzima likauke. Tabaka nene hukauka juu na kubaki laini ndani. Kijiti tulikijenga upya juu ya skrubu ndogo iliyosimama katikati mithili ya mfupa.

Kazi haikuwa nzuri kwa macho. Rangi haikulingana, na kijiti kipya kinataka kuingizwa taratibu katika mpira wake, jambo tulilolazimika kuliandika kwa kalamu upande wa ndani, kwa kuwa pikipiki ya watu wengi haina anayeikumbuka peke yake. Lakini kava linakaa, na matope hayaifikii betri.

Imamu alipoliona alifurahi, akatuletea helmeti aliyokuwa ameivaa kijana yule siku ya kuanguka. Ilikuwa na ufa mwembamba upande mmoja.

“Katibu, na hii je? Si plastiki vilevile?”

“Sheikh wetu, hii hatuigusi,” tulimjibu.

Ubavuni mwa pikipiki, kiraka kikifeli, kava huanguka barabarani. Helmeti ni habari nyingine. Lile tabaka jeupe, jepesi, lililo ndani yake, jamii ya lile linalofungiwa televisheni mpya katika boksi, hupokea pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Asetoni nayo hulila tabaka hilo kabisa. Helmeti iliyokwisha kupigwa ardhini imemaliza kazi yake hata ikionekana nzima.

Mhazini aliuliza fedha itatoka wapi. Tulichangishana baada ya swala ya isha, mpya ikanunuliwa. Ile ya zamani tuliikata vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuitupa, kwa sababu jalala la karibu na msikiti lina wapitaji wengi, na helmeti yenye sura nzuri haikai pale hadi asubuhi.