Safari ya Watu Watatu wa Mugoma Kwenda Kisiwa cha Rubondo



Sisi wa Mugoma tu watu wa milima. Tumezaliwa katika migomba, na maji tuyajuayo ni ya vijito na ya mto Ruvubu. Mto huo huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, nayo Kagera huenda mbali sana hata kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Hivyo mvua nyingi ya nchi ya Ngara hufika ziwani, lakini wengi wetu hatujapata kufika huko inakofika. Mwaka jana mimi na rafiki zangu wawili, mmoja mwalimu mwenzangu na mmoja fundi seremala, tulifanya shauri kwenda kukiona kisiwa cha Rubondo, tangu Ijumaa hata Jumapili. Nataka kuwasimulia tuliyoyaona, na kosa tulilokaribia kulifanya pia, maana huenda habari yake ikamfaa mtu.

Tuliondoka Ijumaa kabla ya jua kuchomoza. Tukapita Lusahunga, tukafika Biharamulo, tukalitazama boma la kale lililojengwa na Wadachi. Kutoka hapo tukashika njia ya Chato. Nchi hiyo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo mpaka mwaka 2005. Sasa ni wilaya peke yake, katika mkoa wa Geita. Jioni tukafika Muganza, tukalala. Asubuhi tukashuka bandarini Kasenda, na hapo fundi akaliona ziwa kwa karibu mara ya kwanza. Akasimama kimya kitambo kirefu, kisha akauliza, "Ng'ambo yake iko wapi?" Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa ng'ambo haikuonekana. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kizinza, mtu wa maneno machache. Tulipokuwa tukivuka alituambia ya kuwa wazee wake walizaliwa Rubondo. Zamani Wazinza walikaa kisiwani humo, wakilima na kuvua. Kisha Serikali ilikusudia kukifanya kisiwa kuwa hifadhi ya wanyama, nao wakahamishwa kwenda visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1965 kikawa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Nikamwuliza, "Mzee, huna uchungu?" Akasema, "Uchungu wa baba yangu ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Lakini samaki huzalia huko pasipo kuvuliwa, kisha hutoka wakaja kwetu. Nami sasa nawapeleka wageni. Kila jambo lina pande mbili, mwanangu."

Kisiwa chenyewe kina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 237, na sehemu kubwa yake ni msitu. Tulitembea pamoja na askari wa hifadhi, maana si ruhusa mtu kwenda peke yake. Tulimwona nzohe, mnyama mfano wa pongo mwenye kwato ndefu zilizopanuka, naye huzitumia kutembea katika matope ya mafunjo pasipo kuzama. Tuliwaona viboko, na mamba wakiota jua, na fisi maji wakicheza karibu na mawe. Furukombe walikuwa wengi, wakilia juu ya miti kama watu waitanao kutoka mlima hata mlima.

Lakini habari iliyotushangaza kuliko zote ni ya sokwemtu. Hao si wenyeji wa kisiwa. Waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kwa kazi ya Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani. Walikuwa wamekamatwa Afrika ya Magharibi wangali wadogo, wakapelekwa Ulaya, wakafungwa katika vizimba. Walipofunguliwa Rubondo hawakuwa na mtu wa kuwafundisha. Mwanzoni baadhi yao waliwashambulia watu. Hata hivyo walijifunza kutafuta matunda ya mwitu, wakajua kujenga viota juu ya miti, wakazaa. Wengi wa walioko leo ni watoto na wajukuu wao. Vifaru nao waliletwa, lakini hawakudumu. Sokwemtu hatukuwaona kwa macho. Tulisikia kelele zao tu, na kuonyeshwa viota vyao. Fundi akavitazama sana viota vile, akasema, "Kazi nzuri, wala hakuna msumari."

Basi, Jumapili alasiri tulikuwa tayari kurudi. Lakini nahodha alikuwa ameketi pwani akitazama mashariki, ambako wingu jeusi lilikuwa limeinama juu ya maji. Akasema, "Leo hatuvuki." Mwalimu mwenzangu akakasirika, maana Jumatatu alikuwa na darasa. Nami, naona haya kusema, nikamuunga mkono. Tukamwambia mzee kwamba upepo bado haujaanza, na tukamwahidi fedha zaidi. Akatikisa kichwa tu. Tukaanza kuulizana kama yuko nahodha mwingine.

Ndipo fundi alipotua mzigo wake mchangani, akaketi. Akasema, "Ninyi nendeni. Baba yangu mdogo alikuwa katika MV Bukoba." Tulikuwa marafiki kwa miaka mingi, wala hakuwahi kututajia jambo hilo. Nani katika Kagera asiyelijua? Meli hiyo ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, imejaa watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho pia kilikuwa kimejaza kupita kiasi, watu zaidi ya 200 wakafa. Fundi akasema, "Aliyekuwa na haraka na asiyekuwa na haraka, wote walikuwa mle."

Hatukusema neno tena. Tukaketi karibu naye.

Haikupita saa moja, upepo ukaja. Maji yaliyokuwa kama sahani yakainuka meupe, na mvua ikaufunika upande wa bara hata tusiuone kabisa. Nahodha hakusema, "Sikuwaambia?" Alikuwa akiteka maji yaliyoingia katika mashua yake.

Jumatatu alfajiri ziwa lilikuwa limelala. Tukavuka kwa amani, tukafika Mugoma usiku. Mwenzangu alikemewa kwa kuikosa kazi, nami vilevile, na tulistahili, kwa kuwa tulipanga safari pasipo kuacha siku ya akiba.

Ndugu wasomaji, mkipata nafasi nendeni Rubondo. Ni mahali pa kupendeza sana. Lakini wekeni siku moja zaidi katika hesabu yenu, na nahodha akisema hapana, mwitikieni. Tena, yuleyule fundi aliyeliogopa ziwa tangu utoto wake ameuliza juzi tutakwenda lini tena.

Nawasalimu nyote.

Mimi ndugu yenu, mwalimu wa Mugoma.