Injini Isiyopata Joto

Lugha ya gereji ina ushairi wake, nao haujapata mkusanyaji. Injini inayopewa petroli nyingi kuliko hewa inayovuta, Waingereza husema mchanganyiko wake ni tajiri. Wajerumani husema ni mnono. Mafundi wetu, tangu Unguja mjini hadi Makambako, hawakushughulika na utajiri wala unono. Wao husema gari linakula mafuta, na hali ikizidi, linabugia. Mimi niliyeishi kwa tafsiri zaidi ya miaka ishirini nalitukuza neno la mafundi, kwani limeyatazama mambo kutoka mfukoni mwa mwenye gari.

Sikupata skuli ya ufundi, kama nisivyopata chuo cha ushairi. Mashairi hayalishi watoto, kwa hiyo nimetafsiri kila kilicholetwa mlangoni: maelezo ya dawa, mikataba ya nyumba, na mara moja kitabu kizima cha matengenezo ya magari, ambacho hakikuchapishwa na karatasi zake ninazo hadi leo. Injini nimeijua kwa kalamu kabla ya spana. Elimu hiyo ya karatasini ndiyo niliyopanda nayo Tandala mwezi wa Juni, kwa wakwe zangu.

Tandala iko Ukingani, wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, katika nyanda zipatazo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa kisiwani akifika huko mwezi wa Juni huona pumzi yake mwenyewe ikitoka kinywani kama moshi, na alfajiri hukuta jalidi juu ya majani ya viazi. Wakinga ni wafanyabiashara mashuhuri, na shemeji yangu ni mmoja wao, ingawa wa daraja la chini: ana Toyota Corolla moja ya miaka ya 1990, aliyoinunua Dar es Salaam kwa mkopo, ambayo hubeba abiria na magunia hadi Njombe, na wagonjwa hadi Hospitali ya Consolata ya Ikonda. Miongoni mwa wagonjwa hao ni mama mkwe, anayekwenda kliniki kila mwezi kwa ajili ya shinikizo la damu.

Gari hilo lilikuwa linabugia. Lita moja iliyopaswa kwenda kilomita 12 haikufika 7. Bomba lilitoa moshi mweusi, na plagi zikifunguliwa zilikuwa na masizi makavu kama sufuria ya kuni. Fundi mmoja mjini alikwisha kumuuzia nozeli nne zilizotumika, kisha kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi huiita kontroboksi, nayo imetumika. Sasa alisema dawa iliyobaki ni injini nyingine. Shemeji alikuwa amekwisha kumtafuta mnunuzi, ili auze gari kwa hasara na deni libaki shingoni.

Lililonitisha zaidi halikuwa moshi. Tulipochomoa kijiti cha kupimia oili, tuliona oili imepanda badala ya kupungua, na ilinuka petroli. Petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili unaozilinda, kisha huchuruzika chini na kuizimua oili yote. Injini ya namna hiyo haimalizi pesa tu. Inajisaga yenyewe, na utabiri wa yule fundi ungetimia hata kama hakuwa na hoja.

Jirani mmoja, mzee aliyeendesha malori ujanani, alisema kosa ni la mlima: hewa ya huku nyepesi. Alisema kweli, kwa gari la kabureta. Mgandamizo wa hewa kwenye kimo kile ni kama robo tatu na ushei ya ule wa pwani, na kabureta, isiyojua iko wapi, humimina petroli ileile ya Kariakoo. Lakini tangu kampuni ya Bosch ilipotia kwenye Volkswagen, mwaka 1967, mfumo wa kupuliza petroli unaopima mgandamizo katika njia ya hewa, yamekuwapo magari yanayojua kwamba yamepanda mlima. Corolla ile ni ya ukoo huo. Inacho kihisi cha kazi hiyo (mafundi husema sensa, neno ambalo sisi wengine tulilijua kwa kuhesabiwa watu), na mpira wake tuliukuta mzima, haukupasuka wala kuchomoka. Mpira mwembamba wa kidhibiti cha presha ya petroli nao tuliuchomoa: ulikuwa mkavu. Chujio la hewa lilikuwa safi kuliko shati langu.

Magari ya zama zile yana kisanduku kidogo chini ya boneti. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, taa ya injini kwenye dashibodi hukonyeza. Mikonyezo miwili, kituo, kisha miwili: 22, mawasiliano ya kihisi cha joto la maji yamekatika au yamegusana. Miwili kisha mmoja: 21, kihisi cha oksijeni. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu mizani nane kwa nane, kazi hii haina taabu. Taa ya shemeji ilikonyeza mfululizo, haraka haraka, bila kituo. Maana yake kompyuta haikuona kosa lolote.

Hapo nilikaa kimya muda. Mfasiri huijua hali hii: matini ya upande wa pili haina maana, na kila mtu anamlaumu mkalimani, ilhali mkalimani amesema neno kwa neno alichoambiwa.

Nilimwomba shemeji twende mwendo wa nusu saa, nami nikautazama mshale wa joto. Haukuacha sehemu ya chini. Mlimani ulipanda kidogo. Tulipoteremka, ukarudi kulala. "Gari hili halichemki kabisa, shemeji," akaniambia kwa fahari. "Hilo ndilo zuri lake moja."

Sisi wa pwani tumelelewa kuogopa gari kuchemka, na mshale ulio chini tunauona kuwa ndio afya. Lakini injini ya petroli imeundwa iishi katika joto. Ikiwa baridi, kompyuta huiongezea petroli, kama zamani tulivyovuta choki asubuhi, na katika kipindi hicho haimsikilizi kabisa shahidi aliyeko kwenye bomba la moshi, kihisi cha oksijeni, ambacho kingeilalamikia. Gari la shemeji lilikuwa katika asubuhi isiyokwisha.

Je, maji yalikuwa baridi kweli, au kihisi kilisema uongo? Tulikipima kwa mita. Asubuhi, kabla ya kuwashwa gari, kilisoma zaidi ya omu 3,000, kama inavyostahili baridi ile. Baada ya safari kilishuka, lakini hakikufika karibu ya omu 300 zinazotarajiwa kwenye nyuzi 80. Kilikuwa kikisema kweli.

Siku ya pili, injini ikiwa baridi, nilishika mpira wa juu wa rejeta mara tu gari lilipowashwa. Ulitakiwa ubaki baridi muda mzuri, kisha upate moto ghafla, pale thamostati inapofungua mlango wake. Ni kifaa kidogo chenye nta ndani. Kwenye Corolla ile nta huyeyuka karibu na nyuzi 82, hutanuka, na kusukuma kizibo. Mpira ulianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo. Tukafunika nusu ya rejeta kwa boksi la biskuti na kuukodolea macho mshale. Ulipanda hadi katikati, na moshi mweusi ukafifia mbele yetu, bila ya kununuliwa kitu.

Tulipofungua nyumba ya thamostati, ilikuwa tupu. Iliondolewa Dar es Salaam, na aliyeiondoa simlaumu sana: thamostati ikikwama imefungwa huua injini kwa saa moja, na katika joto la Januari pale mjini mtu hukata shauri upesi. Ila hata huko naona ni dawa mbaya. Rejeta iliyoziba au feni iliyochoka hubaki vilevile, na gari huendelea kubugia polepole, pasipo baridi ya kulifichua.

Makambako, pale barabara ya Songea inapoungana na ile ya Mbeya, muuza vipuri alinitazama kwa mshangao. "Mzee, unatia thamostati? Wenzako wanakuja kuzitoa."

Tuliitia, tukasafisha rejeta, tukabadilisha oili na plagi. Wiki mbili baadaye shemeji alihesabu kilomita 11 kwa lita, akamwambia mnunuzi asije.

Kuna jambo moja ambalo kitabu changu kilikuwa nalo na mimi sikulikumbuka: kipasha joto cha ndani ya gari hutumia maji yaleyale ya injini. Safari iliyofuata ya Ikonda, mama mkwe alipanda na blanketi lake kama kawaida. Kabla ya kufika alikwisha kulikunja na kuliweka pembeni, akamuuliza mwanawe ni nani aliyewasha jiko chini ya kiti.