Waliosalia Ngamani

Methali ya pwani yasema kwamba mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Maana yake ni bayana: aliyelelewa na bahari, bahari ikimchukua, jamaa zake hulia lakini hawashangai. Je, methali hiyo itamfaa vipi mwana wa vilima vya Ukambani ambaye hakuwahi kuitia bahari machoni hadi siku alipopandishwa melini akiwa na sare ya jeshi mwilini? Swali hili, mpenzi msomaji, halikunijia katika ukumbi wa mihadhara. Lilinijia nikiwa nimeshika msasa, nikilainisha ubavu wa meli ya mbao iliyokuwa ndefu kidogo kuliko meza ninayoandikia makala haya.

Tulikuwa marafiki wanne. Wa kwanza ni fundi seremala mwenye karakana katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi. Wa pili ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili. Wa tatu ni mwanafunzi wa uzamili wa historia, na wa nne ni mimi, ambaye wenzangu huniita Malenga kwa utani, ingawa sijawahi kuchapisha hata ubeti mmoja. Kilichotukutanisha katika kazi hii ni jina moja ukutani. Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, pana Ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya askari wasio na makaburi yanayojulikana. Hapo Fundi alilisoma jina la kaka wa nyanya yake, ambaye kwa desturi zetu ni babu yake pia. Nyumbani kwao, habari zote za mtu huyo zilikuwa sentensi moja aliyoirudia nyanya hadi uzeeni mwake: "Alishuka Mombasa, hakupanda tena." Fundi alitaka kuiona meli iliyomchukua. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa mikono, kuona kwake ni kuunda.

Meli yenyewe iliitwa Khedive Ismail. Iliundwa Uskoti mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikapewa jina la mlima Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina jipya la Ismail, aliyeitawala nchi hiyo kuanzia 1863 hadi 1879. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, iligeuzwa chombo cha kusafirishia majeshi. Mapema Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini pamoja na meli nyingine nne katika msafara ulioitwa KR 8, zikielekea Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511: mabaharia wa meli, wanamaji wa Uingereza, wauguzi na wanawake wengine wa huduma za kijeshi, na kundi kubwa kuliko yote, maafisa na askari 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Wakati huo majeshi ya Afrika Mashariki yalikuwa yakijiandaa Ceylon kwa vita vya Burma.

Jumamosi tarehe 12 Februari, mnamo saa nane unusu za mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliyojulikana kama I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Wengi walikuwa chini ya sitaha, baadhi yao wakisikiliza tamasha la muziki. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6. Watu 1,297 waliangamia.

Mwalimu ndiye aliyetuamulia kipimo. Meli halisi ilikuwa na urefu wa takriban mita 129. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, yetu ikawa na sentimita 129. Fundi alichagua mbao laini kwa kiunzi na plaiwudi nyembamba kwa sitaha. Bahari tuliifinyanga kwa plasta juu ya ubao mpana, tukaipaka rangi ya samawati iliyokolea, kisha vanishi ili ing'ae kama maji yaliyopigwa na jua. Nami nilipewa kazi ya kuvitaja viungo vya chombo ili tuelewane karakanani. Ilinifurahisha kuona kuwa Kiswahili hakikutupa kisogo hata mara moja. Omo, tezi, mkuku, ngama, sitaha, shetri: istilahi za mabaharia wa majahazi zilitosha kabisa kuielezea meli ya chuma. Baada ya wiki mbili, Fundi, ambaye hukulia bara kama babu yake, alikuwa akisema "niletee gundi ya huku tezini" kana kwamba alizaliwa Lamu.

Mzozo ulizuka tulipofika kwenye swali la wakati. Mfano wa meli unaweza kusimama peke yake, lakini mandhari nzima, yenye bahari na watu, sharti ionyeshe saa fulani ya siku fulani. Ni saa ipi? Mwanahistoria alishikilia kwamba tuonyeshe kilichofuata baada ya meli kuzama. Nyambizi ile ilijificha chini ya mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilikuwa na jukumu la kuzilinda meli zilizosalia na maelfu ya watu waliokuwamo. Petard ilidondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji huku binadamu waliohai wakiogelea papo hapo. Hatimaye nyambizi ililazimika kuibuka, ikaangamizwa. "Hilo ndilo jambo ambalo watoto wetu hawaambiwi," Mwanahistoria alisema. "Tukilificha, ukumbusho wetu utakuwa pambo la sebuleni."

Hoja yake ilikuwa nzito. Lakini Fundi aliweka patasi chini, akajibu kwa sauti ya upole ambayo ilituzidi sote nguvu: "Ndugu yangu, babu yangu nimemtafuta tangu utotoni. Sasa nimempata, unataka nimchonge akifa?"

Kwa muda mrefu hakuna aliyesema. Nilikumbuka mijadala yetu ya fasihi kuhusu tanzia, tunavyouliza kama mtunzi ana wajibu wa kukileta kifo jukwaani au atosheke na mjumbe anayekisimulia. Darasani swali hilo hujibiwa kwa insha. Pale karakanani lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa amesimama mbele yetu akiwa na vumbi la mbao nyusini. Tukakubaliana hivi: meli yetu itakuwa ingali safarini, mchana wa siku ile, kabla ya topido. Yaliyofuata yatasemwa kwa maandishi, yote, pasi na kupunguza neno. Mbao zitabeba uhai, nayo maandishi yatabeba kifo.

Likabaki suala la watu. Kwa kipimo chetu, mtu mzima ana urefu wa milimita 17 hivi, chini ya nusu ya njiti ya kiberiti. Njiti moja basi hutoa watu wawili. Mwalimu alipiga hesabu papo hapo: watu 1,511 ni njiti 756, yaani zaidi ya visanduku 15 vya kiberiti. Niliposoma takwimu za vita vitabuni, nambari hizo zilipita machoni kama nambari za kurasa. Jioni ya kwanza ya kukata njiti tulifikisha watu 200, vidole vikatuuma, nasi tulikuwa hatujawamaliza hata wale walionusurika. Tulikata kwa jioni kadhaa. Kila njiti ilitiwa rangi kidogo kichwani na mwilini, na ilipokauka iliwekwa katika trei iliyopangwa kwa safu za kumi kumi. Naamini kwamba hakuna hotuba ya Siku ya Mashujaa iliyowahi kunieleza maana ya elfu moja kama zile trei zilivyonieleza.

Kisha tukagundua kwamba sitaha haiwezi kuwabeba wote. Wala haikuwabeba siku ile. Wengi walikuwa chini. Mwalimu alipendekeza tuwapange mia mbili hivi juu, nao wengine tuwaache, kwa sababu hakuna mtazamaji atakayejua. Fundi alikataa katakata. Aliiinua sitaha, ambayo ilikuwa bado haijagandishwa, akaanza kuwasimamisha waliosalia ndani ya ngama, safu kwa safu, kila mmoja kwa tone la gundi. Sote tukajiunga naye. Wahenga walinena: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo hutumiwa kumwonya mtu kuwa, azunguke atakavyo, mwisho atarudi alikotoka. Usiku ule nilijizuia nisiitamke, kwa kuwa mbele yangu palikuwa na watu ambao kwao ngama haikuwa marejeo ya tamathali. Ilipofika saa nne, Fundi alipaka gundi ukingoni, akaifunga sitaha, akaikalia kwa viganja hadi ikashika.

Zamu yangu ikaja. Nilitakiwa kuandika maelezo yatakayobandikwa chini ya meli, kwa Kiswahili, lugha ambayo askari wa makabila mbalimbali waliitumia kuzungumza wao kwa wao. Jijini Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, zimesimama sanamu za wapiganaji na mpagazi zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo huahidi kwa maana kwamba hata mtu akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Hata hivyo, pale hakuna jina hata moja la waliokufa. Nilikwenda nikayasoma tena kabla ya kuishika kalamu, nikaazimia kwamba maneno yangu yatakuwa machache ahadi na mengi habari.

Kila kitenzi kilinidai maelezo. "Walijitolea"? Baadhi walijiunga kwa hiari, wengine kwa shuruti za ukoloni au za njaa; neno moja lisingewatendea haki wote. "Walizama"? Meli ndiyo iliyozama, watu waliuawa. "Mashujaa wetu"? Wauguzi na mabaharia waliotoka ng'ambo nao walikufa katika maji yaleyale, na Fundi alisisitiza wasiachwe nje kwa sababu bahari haikumuuliza mtu kabila. Mwishoni niliandika jina la meli, tarehe, idadi ya waliokuwamo, idadi ya waliouawa, namna walivyouawa na nyambizi, na namna mabomu ya Petard yalivyoanguka miongoni mwa waliokuwa wakielea. Mwanahistoria aliyasoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Meli hiyo sasa imo katika maktaba ya shule anakofundisha Mwalimu. Anatuambia kwamba wanafunzi huanza kwa kuvutiwa na bahari ya plasta, kisha huhesabu watu walio juu ya sitaha, kisha husoma maandishi na kuona 1,511. Mmoja alimwendea akalalamika kuwa hesabu haitimii. "Wengine wako wapi, Mwalimu?" Akamjibu kwamba wamo ndani. Mwanafunzi yule alirudi akaiinamia meli kwa kitambo, akichungulia kwenye vidirisha vya ubavuni.

Wanachama wenzangu, hili si jambo la mafundi pekee. Walioshiriki vita vile karibu wote wametangulia mbele ya haki, lakini wangalipo watoto wao, wapwa wao na wajukuu wao, walio na sentensi moja moja kama ile ya nyanya wa Fundi. Sentensi hizo ni fasihi simulizi, nazo hazimo katika maktaba yoyote. Likizo ijayo, kabla ya kuwauliza wazee wenu vitendawili na ngano kwa ajili ya tasnifu, waulizeni kwanza: ni nani katika ukoo huu alishuka Mombasa asipande tena? Andikeni jina lake.