Kikombe cha Uji

Mama yetu alipatwa na kiharusi alfajiri ya Ijumaa, akiwa angali juu ya msala. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, maneno yakawa hayatoki. Jirani mmoja alisema ni upepo mbaya, mwingine akakimbilia kuleta maji ya kombe. Sisi wanawe tulimtilia kijiko kinywani, akapaliwa. Saa tano zilipita kabla ya kumfikisha hospitali. Huko tuliambiwa kuwa mshipa wa ubongo umeziba, na kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne u nusu. Tulikuwa tumechelewa.

Katika wodi, ukutani juu ya meza ya wauguzi, ilibandikwa karatasi ya mwongozo wa kuwatunza wagonjwa wa kiharusi. Siku mbili tuliipita bila kuisoma, na wauguzi, kwa wingi wa wagonjwa, waliipita vilevile. Nasi tuliendelea kumnywesha mama uji, kwani kwetu mgonjwa asiyelishwa ni mgonjwa aliyetupwa. Siku ya tatu homa ilipanda, kifua kikakoroma. Uji ulikuwa ukishukia mapafuni.

Usiku ule muuguzi wa zamu alituzuia kikombe kikiwa mkononi. "Dada zangu, ngojeni kwanza." Alimkalisha mama wima, akampa maji kijiko kimoja kidogo, akaitazama koo na kuisikiliza sauti. Mama alikohoa. Muuguzi akaandika juu ya kitanda kwamba asipewe chochote kwa mdomo. Mpira mwembamba wa kulishia ukapitishwa puani, na daktari akaanza kuitibu nimonia. Tangu hapo joto la mwili na sukari ya damu vilipimwa kila baada ya saa chache.

Baadaye tulisoma kwamba mambo hayo matatu, yaani homa, sukari na kumeza, yalijaribiwa katika wodi 19 za kiharusi huko New South Wales, Australia, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Haikuwapo dawa mpya. Wauguzi walifundishwa na kusaidiwa kuyatekeleza yale yaliyokwisha kuandikwa, na baada ya siku 90 wagonjwa wao walioishi pasi na kuwa mzigo kwa wengine walikuwa wengi zaidi kuliko wale wa wodi zilizopewa karatasi tu.

Hatuandiki haya kumlaumu yeyote. Kijiko kilikuwa mikononi mwetu. Lakini twawasihi akina mama wenzetu: uso ukipinda, mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, mgonjwa akimbizwe hospitali saa ileile. Dua isomwe njiani. Maji, uji na vidonge vingoje, hata maji ya kombe, mpaka mwuguzi aulizwe na kujibu: "Je, amepimwa kumeza?"

Mama sasa hula mwenyewe, ameketi wima, kwa mkono wa kushoto. Huona haya kwa hilo, nasi humkumbusha kuwa mwenye udhuru hana lawama. Uji humpikia mzito, na hatumharakishi. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowahudumia. Amin.